Likizo Machimboni: Malipo ya Mwanafunzi wa Lubumbashi

Shule za Lubumbashi zinapofungwa mwezi Julai, baadhi ya vijana, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu, hupanda magari ya Likasi, Kambove na Kolwezi kwenda kutafuta ada kwenye machimbo ya shaba na kobalti. Kwa nini kijana afanye kazi ngumu namna ile wiki nane, kisha arudi na kidogo?

Tuanze na majira. Katika Katanga, eneo lenye miji hiyo, mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Mashimo yakijaa maji, udongo hulegea na kuta huporomoka, kwa hiyo kazi hushamiri kiangazi. Likizo ndefu imeangukia humo humo. Mwanafunzi anapofika, wengine wengi wamefika pia, na penye mikono mingi ujira hushuka.

Sababu ya watu kukimbilia huko ni ya zamani kuliko vijana hawa. Katika miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wake wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji ulianguka, mishahara ikakauka, na familia zilizoishi kwa kampuni zikageukia majembe.

Sheria ya Madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtambua mchimbaji mdogo kwa masharti: awe Mkongo aliyetimiza miaka 18, awe na kadi ya uchimbaji, awe mwanachama wa ushirika, na achimbe ndani ya eneo lililotengwa. Mtu wa likizo mara nyingi hana kadi wala ushirika. Akipunjwa hunyamaza, kwa sababu akienda kushtaki atakuwa amejishtaki mwenyewe kwanza.

Sasa tuingie kwenye malipo. Kikundi cha wachimbaji huwa na mfadhili, yaani mtu anayetoa unga, tochi, kamba na nyundo kabla jiwe lolote halijatoka. Mzigo ukishauzwa, mfadhili hurudishiwa gharama zake kwanza, kisha huchukua fungu lake. Mnunuzi naye hutazama mambo mawili: uzito, na kiwango, yaani sehemu ya madini halisi ndani ya jiwe. Kiwango hupimwa kwa kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita metorex. Kinaelekezwa kwenye unga wa jiwe, namba inatokea, na bei inafuata namba hiyo. Mizani na kifaa ni vya mnunuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu watano wameleta kilo 600. Mnunuzi anakata kilo 60 kwa unyevu, zinabaki 540. Kwa faranga 1,000 kwa kilo, ni 540,000. Gharama za mfadhili ni 140,000. Zinabaki 400,000, na nusu ni yake. Kila mmoja anapata 40,000. Namba ya kifaa ikishuka kidogo, na bei ikawa faranga 800, mapato yanakuwa 432,000. Gharama za mfadhili hazishuki. Fungu la kila mmoja linakuwa 29,200. Bei imepungua kwa asilimia 20, malipo yamepungua kwa asilimia 27. Deni la mfadhili ndilo linalokuza hasara, na hapa ndipo wengi wasipotazama.

Juu ya hayo ipo bei ya dunia. Machi 2018 tani ya kobalti ilizidi dola 90,000. Katikati ya mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 30,000. Mchimbaji wa kudumu anaweza kuficha mzigo wake na kungoja, au kuupeleka kwa mnunuzi mwingine kwenye soko la Musompo, nje ya Kolwezi. Mwanafunzi anaitazama kalenda: Septemba shule inafunguliwa, na mnunuzi anajua hivyo. Tena, kulifikia jiwe zuri huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo baadhi ya wageni huishia kubeba magunia na kuosha mawe kwa ujira wa siku, bila fungu lolote shimoni.

Nionavyo, walio chini ya miaka 18 wasiwepo kabisa mahali ambapo ukuta unaweza kumfunika mtu. Kwa waliotimiza umri, uzito wa kazi na uchache wa maarifa vinaeleza sehemu ndogo tu ya malipo yao. Kinachowaumiza zaidi ni kuuza kwa haraka, kwa kipimo wasichoweza kukikagua. Ushirika ukiwa na mizani na metorex yake kando ya shimo, mzigo utapimwa kabla ya kupakiwa, na hata kijana aliyebakiza siku tatu kabla ya shule ataufikia mlango wa mnunuzi akiwa na namba mbili zilizoandikwa mkononi mwake.