George Foreman: Alipotea ulingoni miaka 10, na hiyo ndiyo ikamlisha

Ukimtaja George Foreman mbele ya kijana wa Marekani, kuna uwezekano mkubwa atakuambia ni jina la jiko. Lile dogo la umeme linalobana nyama juu na chini, mafuta yakichuruzika yakienda kando. Mwambie kwamba mwenye jiko alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi, akapoteza taji, halafu akalichukua tena miaka 20 baadaye akiwa baba mwenye kitambi. Atadhani unamchezea.

Lakini ni kweli kabisa. Foreman alifariki Machi 21, 2025 akiwa na umri wa miaka 76, na kama wewe ulimjua tu kama yule jamaa aliyeangushwa na Muhammad Ali kule Kinshasa, basi umeona kipande kidogo sana cha stori yake.

Namleta kwako leo kwa sababu bondia hukutana mapema na swali ambalo wengi wetu tutakutana nalo baadaye. Kile kitu kinachokulisha leo kikiisha, utakula nini? Mcheza densi, mwanamitindo, mchezaji wa kandanda, hata yule anayeishi kwa video za mtandaoni, wote wana siku inayowasubiri. Tofauti ni kwamba bondia akikosea hesabu, anaweza kulipa kwa ubongo wake.

MKORA WA HOUSTON

Foreman alizaliwa Texas mwaka wa 1949 na kukulia Fifth Ward, mtaa wa watu maskini jijini Houston. Shule aliiacha akiwa tineja na akaanza kupora watu barabarani. Kilichomwokoa ni Job Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafunza vijana kazi. Huko ndiko kocha Doc Broadus alimwona akipenda vita ovyo, akamwambia kama anataka kupigana, basi apigane ulingoni.

Mwaka wa 1968, akiwa na miaka 19 tu, alishinda dhahabu ya Olimpiki kule Mexico City. Hapo sisi pia tulikuwepo. Katika michezo hiyo hiyo, Mkenya Philip Waruinge alishinda shaba, lakini akapewa kombe la Val Barker, linalotunukiwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Yaani Foreman alienda nyumbani na dhahabu, ila sifa za ufundi zilikuja Kenya.

Januari 1973, kule Kingston, Jamaica, Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito. Alikuwa mtu wa kutisha. Hacheki na waandishi, hasalimii watu, anakutazama tu. Mwaka uliofuata akammaliza Ken Norton kwa raundi mbili pia. Alipotua Zaire kupigana na Ali, alikuwa ameshinda mapambano yote 40.

Unajua kilichotokea. Oktoba 30, 1974, Ali aliegemea kamba, akamwacha jamaa arushe makonde hadi mikono ikawa mizito, kisha akamlaza katika raundi ya nane. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5. Ila mwenyewe Foreman alikuja kusimulia kwamba ile aibu ilimtafuna kwa miaka.

MLANGO WA KUTOKA

Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, alipoteza kwa pointi dhidi ya Jimmy Young. Kulikuwa na joto kali. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mwili ulizima. Foreman aliamini kwamba alikufa kwa muda, akamwona Mungu, akarudi. Daktari anaweza kukuambia ni joto na uchovu. Vyovyote vile, bondia wa miaka 28, mwenye nguvu za kuendelea kupigana miaka mingine mingi, alitundika glavu na kuondoka.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo stori yenyewe ilipo. Kwa miaka 10 hakupigana hata mara moja. Alikuwa mhubiri. Alianza kwa kusimama kona za barabara akipaza sauti kwa watu wanaopita na shughuli zao. Halafu akawa na kanisa dogo Houston, na mwaka wa 1984 akafungua kituo cha vijana chenye jimu, ili wavulana wa mtaa wapate mahali pa kwenda.

Kwa mtu wa nje, hiyo ni miaka iliyopotea. Bingwa wa dunia anabonga na wapita njia! Alinenepa hadi akapita kilo 140. Lakini kuna mambo mawili yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya.

La kwanza, kichwa chake kilikuwa kimepumzika. Konde likikupata, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na si lazima uanguke ndipo uumie. Makonde madogo madogo ya kila siku mazoezini pia huhesabika. Mwaka wa 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakitembea kama walevi bila kuonja pombe. Ndiyo maana kanuni za ndondi za ridhaa humzuia bondia aliyepigwa KO ya kichwa kurudi ulingoni kwa angalau siku 30, na muda huo huongezwa ikitokea tena. Foreman, bila kupanga, alijipa miaka 10 bila konde hata moja, tena katika umri ambao mabondia wengi hula makonde mengi zaidi.

La pili, alijifunza kuongea. Ukitaka kujua ugumu wa kushika masikio ya watu, simama pale Archives saa kumi na moja jioni ujaribu kumsimamisha mtu anayekimbilia matatu. Kona za barabara zilimfunza Foreman kutabasamu, kujicheka, kusoma uso wa mtu na kumshika kwa maneno. Ulingo haukuwa umemfunza lolote kati ya hayo.

BABA MWENYE KITAMBI

Pesa za kituo cha vijana zilipoanza kukauka, Foreman aliamua kurudi kwa kazi aliyoijua. Machi 1987, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni tena akiwa na kilo 121 hivi. Watu walicheka. Naye alicheka nao. Waandishi waliozoea mtu wa kununa walikuta mhubiri mwenye utani kuhusu baga na umri wake.

Usidanganyike na utani lakini. Jamaa alikuwa amepiga hesabu. Alianza na wapinzani wa kawaida, akapanda ngazi polepole, akashinda mapambano 24 mfululizo. Hakukimbizana na mtu ulingoni. Alitembea mbele taratibu, mikono ameikunja mbele ya uso kama mtu anayezuia mlango, na kazi kubwa akaachia konde la kushoto la kunyoosha. Kati ya raundi hakuketi, alisimama tu kwenye kona yake. Kijana aliyechoka baada ya raundi chache kule Kinshasa sasa alijua kuweka akiba ya pumzi.

Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alienda raundi zote 12 na bingwa Evander Holyfield. Alipoteza kwa pointi, ila hakuna aliyecheka tena.

Kisha ikaja Novemba 5, 1994, Las Vegas. Mpinzani alikuwa Michael Moorer, miaka 26, hajawahi kupoteza pambano. Foreman alikuwa na 45. Alivaa ile kaptura aliyovaa Kinshasa miaka 20 nyuma. Kwenye kona yake alikuwa Angelo Dundee, mzee yule yule aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku wa Zaire. Kwa raundi tisa Moorer alimchapa, na majaji wote walikuwa na Moorer mbele. Katika raundi ya 10, konde fupi la kulia likamkuta Moorer kidevuni. Akalala chali, refa akahesabu hadi 10. Hakuna aliyewahi kuchukua taji la dunia la uzani mzito akiwa na umri huo, na Foreman akapiga magoti kwenye kona akaomba.

JIJI LILE LILE, MWAKA ULE ULE

Hebu tupumzike kidogo kabla hatujaanza kusema kwamba kila mtu anaweza.

Julai 1994, miezi isiyofika minne kabla ya usiku huo wa Foreman, Mkenya mwingine alipanda ulingoni Las Vegas. Robert Wangila alikuwa ametuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988, kisha akaenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Katika pambano hilo aliumia ubongo, na siku mbili baadaye, Julai 24, akafariki. Alikuwa na miaka 26, umri ule ule wa Moorer.

Siweki majina haya pamoja ili kumlaumu Wangila. Alikuwa kazini. Nayaweka pamoja kwa sababu mchezo ni mmoja na jiji ni moja, na stori tamu ya mzee wa miaka 45 isikufanye usahau bei ambayo wengine wamelipa. Hata Ali, mshindi wa Kinshasa, alipigana hadi 1981, na miaka michache baadaye madaktari wakatangaza ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka wa 1997, filamu kuhusu pambano lao la Zaire iliposhinda tuzo ya Oscar, mikono ya Ali ilikuwa ikitetemeka. Aliyemshika mkono na kumsaidia kupanda ngazi za jukwaani alikuwa Foreman. Aliyepoteza pambano ndiye aliyekuwa amesimama imara.

JIKO

Mwaka huo huo wa 1994 ndipo jiko liliingia sokoni. Kampuni ya Salton ilihitaji sura ya kuliuza, na Foreman hakukubali kulipwa mara moja tu na kwenda zake. Alichukua sehemu ya faida. Kisha akafanya kile alichojifunza kwenye kona za barabara: akatabasamu, akajicheka, akaongea na mama aliye jikoni kama anamjua. Mwaka wa 1999 Salton ililipa dola milioni 137.5 ili kununua haki ya kutumia jina lake. Linganisha na zile milioni 5 za Kinshasa. Alikuwa pia mchambuzi wa ndondi kwenye televisheni ya HBO, kazi nyingine ya mdomo. Pambano lake la mwisho lilikuwa Novemba 1997, akiwa na miaka 48. Hesabu yake ikafungwa kwa ushindi mara 76 na kupoteza mara 5.

Angalia basi. Konde lilimpa jina, lakini jina peke yake halikuuza jiko. Mwaka wa 1974 hakuna mama angenunua kitu kwa yule jamaa wa kununa. Kilichouza ni mtu aliyetengenezwa katika ile miaka 10 ambayo magazeti ya michezo hayakuwa na haja naye.

Hapa Kenya mabondia wengi wazuri wamekuwa wakitegemea timu za polisi, jeshi na magereza, na sababu yake inaeleweka. Mshahara unakuja hata mwezi usio na pambano, na siku mikono ikichoka bado una kazi. Anayepigana kivyake kutoka jimu ya mtaani Mathare au Kariobangi hana mto huo wa kuangukia. Kama ni wewe, au ni rafiki yako, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya pambano lijalo. Baada ya KO ya mwisho ulipumzika siku ngapi, kwa amri ya daktari au kwa kubahatisha? Jina lako likitumika kwa bango au tangazo, unalipwa mara moja au una sehemu? Na ukiondoa glavu leo jioni, kesho asubuhi kuna kitu gani kingine unachojua kufanya mbele ya watu?

Ukikosa jibu la swali la tatu, usishtuke. Foreman mwenyewe hakuwa nalo akiwa na miaka 28. Alianza kulitafuta kwenye kona ya barabara, bila kamera, watu wakimpita.