Risiti Ndiyo Shahidi

Ndugu yetu mmoja wa Malinya, Kakamega, alinunua kifaa cha GPS cha kumwongoza kwenye njia zisizo na lami. Kilisifiwa kuwa chastahimili mvua. Mvua ya kwanza ikakizima. Muuzaji akataka risiti. Mkewe akaitafuta nyumba nzima, ilikwishatupwa takani.

Wapenzi wasomaji, haki tunazo. Fiqhi ya biashara humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyokuwapo kabla hajaipokea. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, humpa haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na fidia ya hasara itokanayo na kasoro. Lakini haki huhitaji ushahidi. Tusome waranti kabla ya kulipa, na risiti tuihifadhi pamoja nayo.