Mahaba ya Ikulu: Rekodi Tano za Wafalme wa Karne ya 19

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wafalme wa Ulaya walikuwa na milango ya nyuma, walinzi wasiouliza maswali na fedha za kununulia ukimya, bado walikohoa. Hawa watano walisikika kuliko wenzao.

Penzi ghali kuliko yote: Ludwig I, Bavaria
Mfalme alikuwa na miaka 60 Lola Montez alipotua Munich mwaka 1846. Alijitambulisha kama mcheza dansi wa Kihispania. Kumbe ni Eliza Gilbert, mzaliwa wa Ireland. Ludwig hakujisumbua kuficha. Alimpa nyumba, posho na, Agosti 1847, cheo cha Kontesa wa Landsfeld. Mawaziri waliompinga walitimuliwa, wanafunzi wakaingia mitaani. Februari 1848 Lola alifukuzwa mjini. Machi 20 Ludwig akaachia kiti cha enzi.

Lenye barua nyingi zaidi: Alexander II, Urusi
Uhusiano wake na Yekaterina Dolgorukova ulianza mwaka 1866, bibie akiwa na miaka 18 na Kaisari 48. Waliandikiana barua kwa maelfu na kuzaa watoto wanne. Alimhamishia hadi ndani ya Kasri la Majira ya Baridi, mkewe Maria akiwa mgonjwa humo humo. Maria alifariki Juni 1880. Julai Kaisari akaoa kimyakimya, udongo wa kaburi haujakauka. Machi 1881 aliuawa kwa bomu.

La kisiasa kuliko yote: Napoleon III, Ufaransa
Mrembo wa Kitaliano, Virginia di Castiglione, alitumwa Paris na binamu yake, waziri mkuu Cavour, amlainishe Kaisari aunge mkono Italia kuungana. Penzi lilikwisha mwaka 1857, ila bibie alibaki na rekodi yake mwenyewe: picha zaidi ya 400 alizopigwa na mpiga picha Pierson.

Lililofichwa vizuri zaidi: Franz Joseph, Austria
Watu wa Vienna walimsengenya na mwigizaji Katharina Schratt. Wasichojua ni kwamba tangu 1875 alikuwa na Anna Nahowski, aliyekutana naye asubuhi na mapema katika bustani ya Schönbrunn. Machi 14, 1889 Anna aliitwa kasri la Hofburg akatia saini karatasi fupi: amepokea gulden 200,000 kama zawadi, na anaapa kunyamaza daima. Alinyamaza kweli. Lakini alikuwa akiandika shajara, nayo ilichapishwa mwaka 1986, miaka 70 baada ya Kaisari kufa.

Lililolipiwa na wasiohusika: Leopold II, Ubelgiji
Alikuwa na miaka 65 alipompata Blanche Delacroix, binti wa miaka 16, jijini Paris. Walifunga ndoa ya kanisa Desemba 12, 1909. Mfalme akafa siku tano baadaye. Wabelgiji walimbandika bibie jina la “Malkia wa Kongo”, na hawakukosea: utajiri aliorundikiwa ulitokana na nchi ambayo Leopold aliimiliki kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Ludwig alilipa kwa taji lake, Franz Joseph kwa mfuko wake. Bili ya Leopold ilipelekwa kwa wanakijiji waliogemeshwa mpira kwa mtutu wa bunduki, na hiyo ndiyo rekodi chafu kuliko zote tano.