Gikondi: Parokia ya Mashambani na Sista Aliyeitwa Nyaatha

Gikondi, katika Mukurwe-ini, ni eneo la milima, mabonde, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Si mji mkubwa. Hata hivyo, tarehe 23 Mei 2015 jina lake lilisikika duniani, pale maelfu ya waumini walipokusanyika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kushuhudia Sista Irene Stefani akitangazwa Mwenye Heri. Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada hiyo kwa niaba ya Papa Francis. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sherehe ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Historia ya parokia hii inawahusu Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa sababu ndani yake mna historia ya shule, zahanati na kumbukumbu za familia zetu.

Walivyofika Wakonsolata

Mwezi Juni 1902, mapadre wawili na mabruda wawili wa shirika la Wamisionari wa Konsolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri wa Gakure. Misa ya kwanza iliadhimishwa tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Kutoka hapo walisambaa kuelekea Nyeri, na Gikondi ikawa mojawapo ya vituo vyao vya mwanzo.

Mwezi Machi 1904 wamisionari hao walikutana Murang'a kukubaliana jinsi ya kufanya kazi. Waliamua kutembelea watu nyumbani, kufungua shule na zahanati, na kuwafunza makatekista wenyeji. Uamuzi huo unaeleza kwa nini katika sehemu nyingi za Nyeri, kanisa la zamani, shule na zahanati hukaa katika uwanja mmoja.

Kutoka hospitali za vita hadi Gikondi

Sista Irene alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Alifika Kenya Januari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza. Waingereza walikuwa wamewachukua vijana wengi, wakiwemo wa Nyeri, kubeba mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani. Wapagazi hao waliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa wala si kwa risasi.

Sista Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na mwaka 1920 akapelekwa Gikondi. Alikaa huko miaka 10.

Alifundisha shuleni, lakini wazee walimsimulia zaidi kama mtu wa kutembea. Alivaa viatu vizito, akapanda na kushuka vilima kwenda kwa wagonjwa, kwa akina mama waliojifungua na kwa wanafunzi walioacha masomo. Aliwaandikia barua vijana waliokwenda kutafuta kazi mijini kwa niaba ya wazazi wasiojua kusoma, na majibu yalipokuja akawasomea. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Tauni ya 1930

Mwezi Oktoba 1930 tauni ilikuwa imeingia eneo hilo. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria, na huenezwa hasa na viroboto wa panya. Mtu hupata homa kali na uvimbe wa tezi, na ukishika mapafu huweza kuambukizwa kwa njia ya hewa. Wakati huo dawa za kuua bakteria zilikuwa hazijapatikana. Sista Irene alimhudumia mwalimu aliyeugua, naye akaugua. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Leo tauni hutibika mgonjwa akifikishwa hospitalini mapema. Kazi aliyoifanya Nyaatha ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba sasa ni kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao walipewa vifaa na kutambuliwa kitaifa mwaka 2023. Mhamasishaji akifika kwako, mkaribishe, na umweleze ukweli kuhusu hali ya afya ya walio nyumbani.

Daftari linaloweza kukusaidia

Parokia kongwe huwa na hazina nyingine: madaftari ya ubatizo na ndoa. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo ulienea nchi nzima mwaka 1971 pekee. Kwa wazee wengi waliozaliwa kabla ya hapo, kadi ya ubatizo ndiyo karatasi ya kwanza iliyoandika jina lao, la baba na la mama. Karatasi hiyo bado huweza kusaidia mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa, au familia inayotaka kuonyesha uhusiano wake katika kesi ya urithi.

Kwa hivyo, kabla ya kutupa sanduku la nyanya, lifungue. Weka kadi, barua na picha za zamani mahali pakavu, mbali na mchwa na moshi. Nyuma ya kila picha andika majina, mahali na mwaka kwa penseli.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Nyaatha alipozikwa angekuwa amepita miaka 100 leo. Waliomwona kwa macho wametutoka karibu wote. Waliobaki ni watoto na wajukuu wao, wanaojua nyumba ipi ilifikiwa, barua ipi ilisomwa na nani alipona. Kaa nao jioni moja, uwaulize, na uandike. Wakiondoka bila kuulizwa, hakuna ofisi itakayoweza kuturudishia simulizi hizo.