Je, Wajua? Maporomoko ya Maji Huanzia Msituni

Je, wajua kwamba Mlima Kwaraa, ule unaouona ukiinua macho ukiwa Bagara, mjini Babati, una urefu wa mita 2,415 juu ya usawa wa bahari? Mji wa Babati uko kwenye mita 1,350 hivi. Kwa hiyo anayetoka mjini asubuhi akafika kileleni amepanda zaidi ya kilomita nzima kwenda juu. Kwaraa haujulikani kwa maporomoko ya maji. Unajulikana kwa msitu wake, Hifadhi ya Msitu wa Ufiome. Hata hivyo, anayependa maporomoko ningemshauri aanzie hapa, maana kabla maji hayajaanguka popote, lazima kwanza yapatikane.

Je, wajua kwamba msitu wa mlimani hupata maji hata siku isiyo na mvua? Wingu linapopita katikati ya miti, matone madogo sana hunasa kwenye majani, kwenye magome, na kwenye zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Matone yanaungana, yanakuwa mazito, yanadondoka. Tembea huko juu asubuhi ya ukungu: mabega yanalowa na kofia inalowa, ilhali ukitoka mahali pa wazi hakuna mvua. Shika zile ndevu uzikamue, maji yatakuchuruzika mpaka kiwikoni. Mti ukikatwa, lile wingu litaendelea kupita kama kawaida, ila hakuna cha kulinasa.

Na chini ya miti? Majani yaliyooza yamefanya udongo kuwa mwepesi wenye vijitundu, maji yanazama polepole na kutoka polepole. Ndiyo sababu kijito cha msituni kinatiririka Agosti, wakati makorongo ya tambarare yamebaki mchanga mtupu.

Je, wajua kwamba Ziwa Babati lilifurika mwaka 1964, likafurika tena 1979, na tena 1990? Mtafiti Klas Sandström alichapisha mwaka 1995 utafiti uliouliza swali moja zito: je, mafuriko hayo yalitokana na mabadiliko ya uoto kwenye ardhi inayolizunguka ziwa? Swali hilo halijazeeka. Kila anayejenga karibu na ziwa anapaswa kujua pia habari za mlimani, kwa sababu maji yasiyozama huko juu hushuka yote kwa siku moja.

Je, wajua kwamba Babati ni mahali pa kujivunia katika historia ya misitu Tanzania? Kusini-magharibi mwa mji kuna misitu ya miombo ya Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa katika mpango wa kufanywa hifadhi ya serikali. Wanavijiji hawakutaka, na kati ya 1994 na 1995 vijiji vinane vinavyoizunguka, vikiwemo Riroda, Ayasanda, Gidas na Duru, vilikabidhiwa usimamizi wa misitu hiyo. Walipima mipaka, wakatunga sheria ndogo, wakachagua walinzi wao wenyewe, wakaamua nani aokote kuni, wapi mifugo ilishwe na lini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyotambua misitu ya hifadhi ya vijiji ilikuja baadaye. Yaani watu wa kawaida wa Babati walitangulia, sheria ikafuata. Mtoto wa shule ya msingi Bagara anastahili kufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa urefu wa mto wowote wa ng'ambo.

Je, wajua kwamba mlima unaotupa maji unaweza pia kutupa msiba? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa ilimeguka, tope na mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hanang una mita 3,417 na wapandaji wanaupenda, nami naupenda. Lakini mwongozaji akikwambia leo mvua imenyesha mno, hatupandi, msikilize. Anaujua mlima wake.

Je, wajua kwamba msitu mzito unaoupita ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara haustawi kwa mvua? Mvua inanyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, inazama katika miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, kisha inachomoza kama chemchemi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ile mikuyu mikubwa inakunywa maji yaliyonyesha kwa jirani.

Ukitaka kufuata maji kwa miguu, nenda kaskazini zaidi, Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Hapo njia ndiyo mto wenyewe. Unatembea ndani ya maji katikati ya kuta ndefu za mwamba mpaka ufikie maporomoko. Viatu vya kulowa ni lazima. Ndala zitachukuliwa na maji.

Kwa haraka haraka: maporomoko ya Soni, njia ya kwenda Lushoto, unayaona ukiwa barabarani. Kaporogwe, Rungwe, unaweza kusimama pangoni nyuma ya maji yanayoanguka. Thomson's Falls ya Nyahururu, Kenya, ina mita 74. Angel ya Venezuela ina mita 979 na Tugela ya Afrika Kusini 948, na ubishi wa ipi ndefu zaidi haujaisha.

Sanje, kwenye milima ya Udzungwa, ina jumla ya mita 170 katika ngazi tatu. Hifadhi ya taifa ya milima hiyo ilianzishwa 1992. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1979, wanasayansi Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika misitu hiyo wakasikia mlio wa nyani wasiyemtarajia. Ndiye mangabey wa Sanje, ambaye hapatikani kwingine popote duniani isipokuwa Udzungwa.

Lakini habari ninayotaka uishike kuliko zote ni ya Kihansi, upande mwingine wa Udzungwa. Je, wajua kwamba palikuwa na chura aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko, na pale tu? Ni wa rangi ya njano, hafikii urefu wa sentimita 3, na hatagi mayai, anazaa watoto walio hai, kila mmoja mdogo kuliko ukucha. Makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyolowa usiku na mchana. Wanasayansi walimtambua mwaka 1996. Mwaka 2000 kituo cha umeme cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilikuwa kimeanza kazi, na sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua ghafla.

Watu hawakukaa kimya. Vyura 499 walichukuliwa kupelekwa Marekani, katika bustani za wanyama kama Bronx, ili kizazi kisipotee. Bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura wakaongezeka kidogo, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 wa kwanza wakarudishwa bondeni kwao. Nchi inahitaji umeme, sibishi. Ila maji yanayoanguka yana wenyewe wanaoyategemea, na baadhi yao ni wadogo kiasi kwamba unaweza kuwakanyaga usijue.

Je, wajua kwamba Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja? Juu ya maporomoko hayo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikana. Mwaka 2023 umri wake ulitangazwa: miaka 476,000 hivi. Kabla binadamu wa leo hajakuwepo, kuna aliyekaa kando ya maji hayo akichonga mti.

Sasa, anayetaka kwenda. Kwa Kwaraa anzia ofisi ya misitu mjini upate kibali na mwongozaji. Msitu huo una tembo na nyati, si wa kupita peke yako. Toka alfajiri. Vaa raba zenye meno, beba koti la mvua na maji ya kutosha. Mahali pa siafu usisimame kupiga picha.

Kwenye maporomoko yoyote, mwamba ulio kijani unateleza kuliko unavyodhani. Usiogelee moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka, maana mawe na magogo huja nayo. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya udongo, au kijiti ulichokiona ukingoni kimefunikwa, panda juu papo hapo hata kama kwako jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha mlimani. Na kama unataka kuuona upinde wa mvua kwenye manyunyu, simama jua likiwa mgongoni kwako, asubuhi au alasiri, si saa sita.

Wakati mzuri ni Juni. Masika yamekwisha, njia zimekauka, na msitu bado unaachia maji yake kidogo kidogo.