Saa ya titani: daraja gani, kwa bei gani?

Novemba 2022 Rolex ilitangaza saa yake ya kwanza ya titani kwa wateja wa kawaida. Iliitwa Deepsea Challenge, ilikuwa na kipenyo cha milimita 50, na iliundwa kustahimili kina cha mita 11,000 baharini. Mwaka uliofuata ikaja Yacht-Master 42 ya metali hiyohiyo, saa ambayo mtu anaweza kuivaa ofisini kila siku. Kwa kampuni iliyojijengea jina kwa chuma na dhahabu, hatua hiyo haikuwa ndogo. Metali iliyokuwa ya wazamiaji na wapenzi wachache wa ufundi sasa imeingia katikati ya soko.

Kwa mnunuzi, ugumu umeanzia hapo. Neno "Titanium" limechongwa kwenye saa za China zinazouzwa mtandaoni kwa chini ya dola 200 za Marekani, kwenye saa za Kijapani za dola mia kadhaa, na kwenye saa za Uswisi zinazofika maelfu ya dola. Wauzaji wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa kuwa metali iliyomo ndani ya kasha la saa ina thamani ya dola chache tu. Kinachobaki kwenye bei ni kazi iliyofanywa juu ya metali hiyo, pamoja na jina la kampuni. Mnunuzi asiyejua daraja la titani wala namna uso wake ulivyotengenezwa hana njia ya kujua kama kazi anayoilipia imefanyika.

Kutoka Tokyo hadi Uswisi

Wajapani ndio waliotangulia. Mwaka 1970 Citizen ilitoa X-8 Chronometer, saa ya mkononi ya kwanza duniani yenye kasha la titani. Mwaka 1975 Seiko ikafuata na saa ya wazamiaji ya mita 600, nayo ya kwanza ya aina yake kwa metali hiyo. Ulaya iliingia kwa kishindo mwaka 1980, pale IWC ya Uswisi iliposhirikiana na mbunifu Ferdinand Alexander Porsche kutengeneza kronografu ambayo kasha na mkanda wake vyote vilikuwa vya titani.

Sababu iliyowavuta wote ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, ilhali ya chuma cha pua inakaribia gramu 8. Kasha la umbo lilelile hupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa saa ya wazamiaji, ambayo lazima iwe nene ili ihimili mgandamizo wa maji, hiyo ndiyo tofauti kati ya saa inayosahaulika mkononi na inayochosha kabla ya adhuhuri.

Kuna mengine pia. Ikikutana na hewa, titani hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo huizuia isiliwe na chumvi ya bahari wala jasho. Aidha, titani inayotumika kwenye saa haina nikeli ya kutajika, wakati chuma cha pua aina ya 316L, ambacho ndicho kinachotumika sana kwenye saa, kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Nikeli ndiyo inayowaletea baadhi ya watu upele na mwasho pale saa inapogusa ngozi. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako jasho na hewa ya chumvi havina likizo, sifa hizi mbili zina uzito kuliko maneno mengi ya matangazo.

Madaraja yanamaanisha nini

Madaraja ya titani yanayotajwa kwenye saa hutokana na viwango vya Marekani vya ASTM. La 1 hadi la 4 ni titani safi kibiashara. Kinachoyatofautisha zaidi ni kiasi cha oksijeni iliyoachwa ndani ya metali: inavyoongezeka, ndivyo metali inavyokuwa ngumu na kupungua ulaini wa kupindwa. Daraja la 1 ndilo laini kuliko yote. Daraja la 2, ambalo oksijeni yake haizidi asilimia 0.25, ndilo lililozoeleka kwenye saa. Tudor Pelagos, saa ya wazamiaji iliyotoka mwaka 2012, imetengenezwa kwa daraja hilo. Hali kadhalika Omega Seamaster iliyotolewa kwa ajili ya filamu ya James Bond "No Time to Die".

Daraja la 5 ni jambo jingine kabisa. Hii si titani safi. Ni aloi yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, aloi ileile inayotumika sana kwenye injini na miili ya ndege. Rolex inaitumia kwa jina lake yenyewe la RLX. Ndugu yake wa karibu ni daraja la 23, aloi ileile iliyosafishwa zaidi, ambayo madaktari huitumia kwenye vipandikizi vya mifupa.

Tofauti ya nguvu kati ya daraja la 2 na la 5 ni kubwa. Kwa kipimo cha nguvu ya kuvutwa hadi kukatika, kiwango cha chini cha daraja la 2 ni megapaskali 345, na cha daraja la 5 ni 895. Chuma cha 316L kiko katikati, karibu na 500. Hapo unaanguka usemi unaorudiwa madukani kila siku, kwamba titani ina nguvu kuliko chuma. Daraja la 5 linakishinda chuma cha saa kwa mbali. Daraja la 2 linashindwa nacho.

Hilo halifanyi daraja la 2 kuwa baya. Saa ya mkononi haivutwi hadi ikatike, na kasha la daraja la 2 litadumu kuliko mashine iliyo ndani yake. Kinachoonekana kwa macho ni umaliziaji. Daraja la 2 lina rangi ya kijivu iliyopoa, na kwa kawaida huachwa na mistari ya brashi au kupigwa mchanga. Daraja la 5 hukubali kung'arishwa hadi kukaribia kioo, likawa na kingo kali na nyuso zinazoakisi mwanga. Anayependa saa yenye sura ya kifundi, isiyojitangaza, atatosheka na la 2. Anayetaka mng'ao wa saa ya sherehe ajiandae kulipia la 5.

Mikwaruzo ndiyo kipimo cha kweli

Lalamiko kubwa la wenye saa za titani ni mikwaruzo, na lina msingi. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, daraja la 2 liko karibu na 150, chuma cha 316L kinakwenda hadi karibu 200, na daraja la 5 linakaribia 350. Ukuta wa zege au kitasa cha mlango vitaacha alama kwenye daraja la 2 haraka kuliko kwenye chuma. Na la 5 pia, pamoja na ugumu wake, halikwepi mikwaruzo.

Hapa ndipo Wajapani walipojipatia nafasi yao. Citizen, baada ya miongo ya kazi na metali hii, huukaza uso wa titani yake kwa teknolojia inayoiita Duratect, kisha huiuza kwa jina la Super Titanium. Kampuni hiyo inasema ugumu wa uso huo ni mara tano ya chuma cha pua na zaidi. Seiko nayo ina njia zake za kuikaza metali hiyo. Kwa hiyo saa ya Citizen ya dola mia chache, isiyotaja daraja lolote kwenye kifuniko chake, inaweza kubaki safi kwa miaka mingi kuliko saa ya bei mara kumi iliyochongwa kwenye daraja la 5 tupu.

Kuna gharama yake. Tabaka lililokazwa ni jembamba, na kishindo kizito kikilibonyeza, fundi hawezi kuling'arisha upya bila kuliondoa. Titani isiyokazwa inaweza kusuguliwa na fundi mwenye mkono mzuri ikarudi kwenye mistari yake ya awali. Mnunuzi achague kati ya saa isiyochakaa kirahisi na saa inayotengenezeka kirahisi.

Bei inatoka wapi

Titani si metali adimu ardhini. Iko kwenye mchanga mzito wa fukwe nyingi duniani, pwani yetu ikiwemo. Huko Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, ikawa inasafirisha ilmenaiti na rutaili, ambayo ni madini ya titani, pamoja na zirkoni kupitia Likoni hadi machimbo yalipofungwa Desemba 2024 baada ya akiba ya madini kwisha. Huko Moma, kaskazini mwa Msumbiji, kampuni ya Kenmare imekuwa ikichimba ilmenaiti tangu 2007.

Lakini zaidi ya tisa ya kumi ya madini ya titani duniani hayawi metali kamwe. Huwa unga mweupe wa rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Sehemu ndogo inayobaki hupitia mchakato aliouvumbua William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, na kuupatia hataza Marekani mwaka 1940. Madini huchanganywa na klorini kwenye joto kali, kimiminika kinachopatikana husafishwa, kisha hukutanishwa na magnesi iliyoyeyuka ndani ya chombo kisichoingiza hewa. Kinachotoka ni bonge lenye vitundu, linaloitwa sponji, ambalo huyeyushwa tena bila hewa ndipo liwe metali ya kufanyia kazi. Mchakato huo ni wa mafungu, unakula umeme mwingi na hauwezi kuharakishwa. China ndiyo mzalishaji mkubwa wa sponji hiyo leo, ikifuatwa kwa mbali na Japani na Urusi. Marekani ilifunga kiwanda chake kikubwa cha mwisho cha sponji, huko Henderson, Nevada, mwaka 2020.

Baada ya hapo kuna karakana. Titani haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la kukata hubaki kwenye ncha ya kifaa na kukimaliza upesi. Vumbi na vipande vyake vidogo vinaweza kushika moto. Nyuzi za skrubu za titani hung'ang'aniana zikikazwa kwa pupa. Daraja la 5 huzidisha ugumu huo wote, ndiyo maana kasha lake lililong'arishwa pande zote ni ghali: muda wa mashine na wa mafundi ndio unaouzwa.

Kwa Waswisi hesabu hiyo inaendana na biashara yao. Mwaka 2023 waliuza nje saa zenye thamani ya faranga bilioni 26.7, rekodi kwao, ingawa idadi ilikuwa saa milioni 16.9 hivi, pungufu sana ya mwanzoni mwa karne hii. Wanaouza saa chache kwa bei kubwa wanahitaji kazi ngumu inayoonekana, na titani iliyong'arishwa inawapa hiyo.

Dukani

Anayekwenda kununua asitegemee sumaku. Titani haivutwi na sumaku, lakini chuma cha 316L nacho karibu hakivutwi, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi kitu. Uzito ni shahidi bora zaidi: omba saa ya chuma ya ukubwa uleule, uzishike zote mbili. Titani pia haihisiki baridi mkononi kama chuma.

Soma kifuniko cha nyuma kwa makini. Maandishi yanaweza kuhusu kifuniko peke yake, huku kasha likiwa la chuma. Jihadhari zaidi na saa zenye rangi ya dhahabu zinazotangazwa kuwa na "titanium" kwa sababu tu zimepakwa nitridi ya titani. Huo ni utando mgumu na mzuri, lakini chini yake kuna chuma au shaba nyeupe, na uzito pamoja na nikeli viko palepale. Mwenye ngozi inayodhurika aulize pia kuhusu kibano cha mkanda, kwani watengenezaji wengi huweka cha chuma kwenye mkanda wa titani.

Usisahau maji. Metali haitaota kutu, lakini mipira inayozuia maji huzeeka kwenye saa yoyote, na anayeogelea nayo apeleke saa ikapimwe kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia mgandamizo. Fundi huyohuyo ndiye wa kupunguza mkanda, kwa bisibisi inayolingana na skrubu na bila kutumia nguvu.

Kwa wengi wetu, wanaotaka saa moja ya kazini, safarini na baharini, saa ya Kijapani iliyokazwa uso ndiyo inayorudisha thamani kubwa kwa kila shilingi. Daraja la 5 lina haki ya bei yake pale tu umaliziaji wake unapoonekana na mnunuzi anautaka. Daraja la 2 lisilokazwa ni chaguo zuri kwa asiyesumbuliwa na alama, mradi asilipishwe bei ya la 5. Wauzaji wa Kariakoo, Nairobi na Mombasa wangeweza kuusaidia sana uamuzi huu kwa kuandika mambo matatu kwenye kibandiko cha bei: daraja, kama uso umekazwa, na kama mkanda na kibano ni vya titani pia. Taarifa hizo mara nyingi zinapatikana kwa mtengenezaji. Mnunuzi aziulize kabla ya kutoa pesa, na asipopata jibu aende duka la pili.