Unampeleka mtoto Nairobi likizo hii? Usisahau malaria ya nyumbani

Tarime. Shule zikifungwa mwezi Juni, mpaka wa Sirari hujaa watoto. Wapo wanaokwenda kwa shangazi, wapo wanaokwenda kuona jiji tu. Kwa familia nyingi za Tarime na Serengeti, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam: mnavuka asubuhi, mnapita Migori, Kisii na Narok, jioni mmefika.

Ni jiji linalomfaa mtoto. Lilianza mwaka 1899 kama kituo cha wajenzi wa reli, likakusanya watu wa kila aina. Kwa siku moja mtoto anaweza kusikia Kisomali mitaa ya Eastleigh, Kikuyu na Kikamba sokoni, Sheng ndani ya matatu, na hata Kikurya, maana Wakurya tupo pande zote mbili za mpaka. Soko la Kariokor lilipata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo kwa Afrika Mashariki sehemu kubwa vilipiganwa kwenye ardhi yetu. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, twiga wanakula majani huku maghorofa yakionekana nyuma yao. Hata mtoto wa Mugumu hajawahi kuona hivyo.

Homa ya siku ya nne

Mwaka jana dada yangu alimpeleka mwanawe wa miaka minne kutoka Nyamongo. Siku ya nne mtoto akapata homa. Wenyeji wakasema ni baridi ya Nairobi, hajaizoea. Duka la dawa likatoa dawa ya kikohozi na ya kushusha homa. Usiku wa pili akaanza kutapika na kukataa maji.

Dada alinipigia saa 11 alfajiri. Nilimuuliza jambo moja: amepimwa malaria? Hakuwa amepimwa, na hakuna aliyekuwa amesema kwamba wametoka Mara. Asubuhi ile kipimo kilionyesha malaria. Alipona, lakini likizo iliyobaki aliimalizia wodini. Twiga hakuwaona.

Kwa nini ilitokea

Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haiwafai vimelea vya malaria. Wagonjwa wengi wa malaria wanaoonekana huko wameambukizwa kwingine. Baada ya mbu kuuma, homa huchukua siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kujitokeza. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa na mbu nyumbani wiki iliyopita anaweza kuugulia mjini, akiwa amevaa sweta, na kila mtu akadhani ni mafua.

Mzazi, fanya haya

- Mtoto akipata homa safarini, apimwe malaria ndani ya saa 24. Mwambie mhudumu tangu mwanzo: "Tumetoka Mara, Tanzania."
- Mkimbize hospitali akipata degedege, akilegea, akipumua kwa shida, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa wala kunyonya.
- Wiki mbili kabla ya safari, hakikisha analala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.
- Ulizia mapema chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo mnaweza kudaiwa kadi mnaporudi. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa, na kadi huanza kutumika siku 10 baada ya sindano.
- Beba sweta na soksi. Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali.
- Weka namba yako ya simu mfukoni mwa mtoto. Stendi zina msongamano.

Mkirudi na binamu waliokulia Nairobi, wao wapo hatarini zaidi, kwa sababu miili yao haijazoea malaria. Waandalieni chandarua kabla ya kitanda.

Dada anapanga kurudi Nairobi Desemba. Mwanawe ameshaanza kuhesabu siku, na tangu sasa kila jioni anadai chandarua chake kishushwe mapema. Anasema safari hii lazima awaone twiga.